Umepuliza dawa na wadudu bado wapo: kumtambua na kummaliza mdudu wa nyumbani, Dodoma na kanda ya kati

Wengi wanaolalamika kwamba dawa haifanyi kazi wamenunua dawa nzuri, wakaipuliza mahali asipo mdudu. Kunguni ameonekana ukutani, ukuta ukapuliziwa. Kumbe analala kwenye tundu la skrubu ya kitanda. Mende ameonekana kwenye sinki, sinki likapuliziwa. Kumbe makazi yake ni nyuma ya friji, karibu na mota yenye joto. Ndiyo maana hapa tunaanza na dalili: umeona nini, wapi, saa ngapi. Ukishamjua mdudu, utajua anapolala, na kazi inayobaki si kubwa.

Tafuta tochi, selotepu angavu, karatasi nyeupe na kadi ngumu ya plastiki iliyokwisha muda. Kadi ni ya kukwangulia nyufa. Mdudu ukimnasa kwa selotepu, mbandike kwenye karatasi, mpige picha kwa simu kwa karibu, andika na chumba alikopatikana. Kagua kuanzia saa tano usiku na kuendelea. Ukikagua mchana utaona mavi na maganda tu, ingawa hayo nayo ni ushahidi.

Msimu nao unasema kitu. Mvua za Dodoma huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuisha Aprili: zikianza, tegemea kumbikumbi. Baada ya mavuno ni zamu ya wadudu wa nafaka. Kiangazi kikikolea, vumbi la uani ni makazi ya viroboto, na sisimizi huingia ndani kutafuta maji zaidi ya chakula.

UNAAMKA NA VIPELE

Angalia kwanza viko wapi mwilini. Vikiwa shingoni, mikononi na sehemu zilizokuwa wazi usiku, mara nyingi viwili vitatu vimepangana, shuku kunguni. Vikiwa chini ya magoti na kuzunguka vifundo vya miguu, ni viroboto. Vikiwa katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, vikiwasha sana usiku na watu wa nyumba moja wote wanajikuna, huo huenda ni ugonjwa wa upele. Nenda kituo cha afya, kupuliza chumba hakutasaidia. Na ukiona mstari wa malengelenge unaounguza wakati wa mvua, yaelekea umemponda mwilini yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi anayefuata taa. Osha kwa sabuni na maji mengi mara moja, na siku nyingine mpulize kwa mdomo aondoke, usimponde.

Kunguni

Mkubwa ana milimita 5, bapa kabla ya kunyonya. Mayai ni meupe, milimita 1, yamegandishwa kwenye nyufa. Usimtafute yeye tu, tafuta madoa meusi kama ya wino kwenye mishono ya godoro na kingo za chaga. Lowanisha pamba, sugua doa: likitoka na rangi ya kutu, hiyo ni damu iliyomeng'enywa, ushahidi tosha. Kisha mulika tochi kwenye tundu la skrubu pale ubavu wa kitanda unapoungana na mguu. Ukiingiza ncha ya kadi na kukwangua, yatatoka maganda ya kahawia, mayai na vitoto vya rangi ya maji ya chai hafifu. Hapo ndipo dawa inapotakiwa. Sehemu nyingine ni pindo la chandarua, nyuma ya picha, chini ya sofa, ndani ya soketi na kwenye zipu ya begi. Wengi hukaa ndani ya mita 2 kutoka anapolala mtu.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu:

1. Usihamie chumba kingine kulala. Watakufuata, na sasa utakuwa na vyumba viwili.
2. Fungua kitanda chote, kila kipande. Kwangua nyufa, kwangulia kwenye beseni lenye maji ya sabuni.
3. Shuka, foronya na chandarua viingie kwenye mfuko uliofungwa hukohuko chumbani, kisha vifuliwe kwa maji ya moto wa nyuzi 60. Chandarua chenye dawa usikichemshe: kikague kwa tochi, toa mdudu mmoja mmoja, ukifue kwa maji ya baridi na sabuni ya kawaida.
4. Mimina maji yanayochemka kutoka kwenye birika lenye mdomo mwembamba, polepole, kwenye kila kiungo cha mbao ngumu au chuma. Maji yakisafiri tu juu ya mbao yanapoa na hayaui. Yaingie ufa moja kwa moja. Kitanda cha mbao za kubandika usikimwagie, kitavimba.
5. Vikauke, ndipo upulize dawa nyufani, chini ya chaga, nyuma ya ubao wa kichwani na kwenye kona ya sakafu na ukuta.
6. Sogeza kitanda sentimita 15 kutoka ukutani. Kila mguu usimame kwenye kopo lenye maji ya sabuni. Blanketi lisiguse sakafu.
7. Rudia kupuliza baada ya siku 10 hadi 14, na mara ya tatu baada ya siku nyingine kama hizo. Dawa nyingi haziui mayai, na kwenye joto letu mayai huanguliwa kati ya siku 6 na 10. Anayepuliza mara moja anaua wazazi na kulea watoto.

Kuhusu jua. Jua la Dodoma ni kali, lakini kuanika godoro uani kwa siku moja ni kujidanganya: kunguni huhamia upande wa chini wenye kivuli, na sponji huzuia joto kupenya. Joto linaloua ni kama nyuzi 50, na linapaswa kufika mpaka katikati ya kitu. Vitu vyembamba vinawezekana: nguo, viatu na mabegi matupu, vikipangwa tabaka jembamba ndani ya nailoni nyeusi iliyofungwa, juu ya sakafu ya saruji, tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, vikigeuzwa saa saba. Godoro lenyewe shughulikia mishono yake, kisha livishe mfuko wa zipu usiotobolewa.

Umepuliza vizuri na kesho yake kunguni wanatembea juu ya dawa iliyokauka? Soma viambato kwenye lebo. Deltamethrin, cypermethrin, permethrin na lambda-cyhalothrin ni ndugu wa familia moja, na kunguni wa sehemu nyingi wameshaizoea familia hiyo. Kubadili chupa kutoka jina moja la biashara kwenda jingine huku kiambato ni ndugu yuleyule ni kutupa hela. Tafuta ya kundi tofauti, kama chlorfenapyr, au iliyochanganya makundi mawili, iliyoandikwa kwamba ni ya matumizi ya ndani ya nyumba.

Wanaporudi baada ya mwezi, sababu kubwa kwenye nyumba za kupanga ni chumba cha jirani. Vyumba sita vyenye korido moja na dari moja ni nyumba moja kwa kunguni. Mwenye nyumba azungumze na wapangaji wote, kazi ifanyike siku moja. La sivyo, unawafukuza kwa jirani Jumamosi na wanarudi kwako Jumatano. Sababu ya pili ni sofa au kitanda cha mtumba kilichoingizwa ndani bila kukaguliwa, na ya tatu ni mabegi ya wanafunzi wanaofungua na kufunga chuo.

Jambo moja la kufa na kupona: vidonge vya fosfini vya kufukizia nafaka visiingie chumba cha kulala, hata kwa “usiku mmoja tu, sisi tunalala kwa jirani”. Gesi yake hupita kwenye dari na nyufa za ukuta, inaua jirani aliyelala. Haina dawa ya kuitangua hospitalini.

Viroboto

Vaa soksi nyeupe ndefu, tembea polepole chumbani na kwenye kibaraza kwa dakika tano. Vitu vyeusi vinavyoruka na kung'ang'ania soksi ndivyo hivyo. Nyumba iliyofungwa miezi kadhaa inaweza kukushambulia siku ya kwanza ukiingia, kwa sababu pupa, yaani viroboto ambao hawajakomaa, husubiri ndani ya kifuko na hutoka wakisikia mtikisiko na joto la mtu. Tibu paka, mbwa na banda la kuku siku ileile unaposhughulikia nyumba. Lowanisha vumbi la mahali wanyama wanapolala, lizoe, litupe mbali. Piga deki nyufa za sakafu kwa maji ya moto yenye sabuni. Unga wa mbwa wenye permethrin usimpake paka: unaweza kumuua. Tegemea kuendelea kuona wachache kwa wiki mbili tatu hadi pupa waishe.

Papasi

Huyu si mdudu wa miguu sita, ana minane, ni ndugu wa kupe. Tunamweka hapa kwa sababu hudhaniwa kuwa kunguni. Kwenye tembe na nyumba zenye sakafu ya udongo hukaa kwenye nyufa za sakafu na ukuta, hutoka usiku, na kung'ata kwake mara nyingi hakusikiki. Rangi yake ni ya vumbi, ngozi ina mikunjo, na anaweza kukaa miaka bila kula. Hueneza homa ya papasi, ambayo imejulikana kwa muda mrefu katika vijiji vya Dodoma, Mvumi ikiwemo. Homa inayopanda, ikaacha siku chache, ikarudi, wakati kipimo cha malaria hakioni kitu, mwambie daktari wazi kwamba mnalala kwenye nyumba ya udongo. Kwa mjamzito na mtoto mchanga ni hatari zaidi. Dawa ya kupuliza hupunguza tu. Kinachommaliza ni kuziba: sakafu ya saruji, plasta ukutani angalau mita moja kwenda juu, na kitanda kirefu badala ya ngozi au mkeka chini.

MENDE

Pima kwanza ukubwa, kwa maana hapa kuna matatizo mawili tofauti.

Mdogo, milimita 12 hadi 15, mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, anazaliana ndani ya nyumba. Utamkuta kwenye bawaba za kabati, chini ya jiko la gesi, ndani ya redio, nyuma ya friji. Jike hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40 mpaka karibu kuanguliwa. Ukiwaona mchana, wamejaa hadi maficho hayatoshi. Dawa ya kupuliza hapa huwatawanya hadi sebuleni. Tumia jeli ya mende: matone madogo ya milimita 3, kati ya 15 na 20 kwa jiko la kawaida, yakiwekwa kwenye bawaba na kona za giza. Matone mengi madogo yanashinda matatu makubwa. Usipulize dawa yoyote karibu nayo, kwani mende hataigusa jeli yenye harufu ya dawa. Na vyombo vioshwe kabla ya kulala. Mwenye ukoko wa ugali wa bure ataonja jeli ya nini?

Jeli ikikosekana, changanya kijiko kimoja cha asidi ya boriki, kimoja cha sukari na viwili vya unga wa ngano, kanda kwa maji kidogo, fanya vidonge vidogo na uviweke asipofika mtoto wala mnyama. Huua kwa siku kadhaa, usikate tamaa kesho yake.

Mkubwa, milimita 35 hadi 40, mwekundu wa kahawia, anaishi kwenye chemba, shimo la choo na mitaro, anaingia kwako kama mgeni. Kumwekea jeli jikoni ni kuhangaika. Ziba pembeni ya mfuniko wa chemba kwa saruji nyepesi au grisi, weka wavu kwenye bomba la kupumulia la choo, na mimina kikombe cha maji kila wiki kwenye tundu la bafu lisilotumika. Hewa yetu kavu hukausha maji yaliyoko kwenye kona ya bomba, na maji hayo ndiyo mlango unaomzuia.

SISIMIZI

Usifute mstari kabla ya kuufuata hadi unakoingia. Wakiwa wadogo sana, milimita 2, wa njano hafifu, marufuku kupuliza: kiota kikishtuka hugawanyika na malkia kadhaa, na wiki ijayo una viota vitatu. Watengenezee chambo: maji ya uvuguvugu nusu lita, sukari vijiko vinne vya chakula, asidi ya boriki kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Lowesha pamba, weka kwenye vizibo vya soda pembeni ya njia yao. Chambo kikizidi ukali, kinawaua njiani kabla hawajamfikishia malkia, na hilo ndilo kosa la kawaida. Siku mbili za kwanza watajaa kuliko mwanzo, waache. Wakikidharau chambo cha sukari, jaribu siagi ya karanga yenye boriki kidogo, maana kuna nyakati wanataka mafuta.

MAHINDI YANATOA UNGA, KUNDE ZINA MADIRISHA

Chekecha nafaka kidogo juu ya karatasi nyeupe. Mwenye mdomo mrefu kama mkonga, milimita 3 hivi, ni fukusi. Asiye na mkonga, umbo la mcheduara, kichwa kimeinamia chini kisionekane ukimtazama kwa juu, huku gunia likiwa na unga mwingi, ni dumuzi. Huyo wa pili alitoka Amerika ya Kati, akagundulika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ndiye anayekula hadi mbao za kihenge.

Tofauti hii si ya kitaaluma. Pirimiphos-methyl inamweza fukusi vizuri na dumuzi kidogo. Permethrin kinyume chake. Ndiyo maana vumbi kama Actellic Super lina vyote viwili, na ndiyo maana aliyenunua vumbi la kiambato kimoja anasema limechakachuliwa. Kiwango ni gramu 100 kwa gunia la kilo 100, likichanganywa kwa koleo juu ya turubai hadi kila punje ipate. Kunyunyizia juu ya gunia lililojaa ni kupoteza. Pukuchua kwanza: dumuzi hustawi zaidi kwenye gunzi. Chekecha yaliyokwisha kubunguliwa, usichanganye zao jipya na la mwaka jana. Muda wa kusubiri kabla ya kula uko kwenye lebo, ufuate.

Asiyetaka dawa kabisa atumie mfuko wa PICS, wenye mifuko miwili ya nailoni nzito ndani ya kiroba. Wadudu hutumia hewa iliyomo hadi inaisha, wakafa. Unaharibika kwa sababu tatu. Mahindi mabichi: yanapaswa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13. Jaribu kwa chupa kavu ya kioo: vijiko vitatu vya chumvi kavu, mahindi hadi robo ya chupa, tikisa dakika moja, subiri robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi 15. Isipoganda, anika siku moja zaidi kwa usalama. Sababu ya pili ni tundu: jaza hewa mfuko wa ndani, ukandamize, sikiliza. Ya tatu ni kufungua kila wiki kutoa debe, maana kila ukifungua umewapa pumzi. Mahindi ya kula mwezi huu yakae kwenye dumu.

Kunde, choroko na maharage: ukiona vidoa vyeupe juu ya punje, hayo ni mayai, na lile tundu la mviringo ni mlango aliotokea mkubwa. Kwa mbegu za kula nyumbani, mililita 5 za mafuta ya alizeti kwa kilo moja, sugua hadi zing'ae. Uwele na mtama havisumbuliwi sana na dumuzi. Unga wenye nyuzi kama utando una nondo. Mwaga, futa kona za kopo kwa sifongo kavu, usiongeze unga mpya juu ya wa zamani.

MCHWA, NA UNGA CHINI YA KITI

Mabawa ya kumbikumbi dirishani baada ya mvua ya kwanza hayamaanishi nyumba ina mchwa, taa imewaita. Wakitoka ndani, kwenye fremu ya mlango au ufa wa sakafu, kiota kiko chini yako.

Vijia vya udongo ukutani: vunja kipande cha sentimita 5, acha vingine. Siku mbili baadaye kikiwa kimejengwa upya, wako kazini. Halafu zunguka nje. Utakuta mojawapo: udongo au mchanga umerundikwa juu ya usawa wa sakafu, mirunda na maboksi ya ujenzi yameegemea ukuta, bomba linavuja, au fremu imechimbiwa hadi kwenye udongo. Hayo yaondolewe kwanza. Kisha chimba mfereji wa upana wa sentimita 15 na kina cha sentimita 30 kuuzunguka msingi, umwage lita 5 za mchanganyiko wa dawa ya mchwa kwa kila mita moja, na udongo unaorudisha uulowanishe nao. Fipronil na imidacloprid hazisikiki kwa mchwa, hivyo hupita na kupelekeana. Dawa zinazofukuza zikiacha pengo la kiganja, watalipata. Oili chafu hulinda nguzo ya uzio kwa muda, si msingi wa nyumba. Karibu na kisima usimwage chochote; mwite mtaalamu.

Unga laini kama wa ngano chini ya kiti kipya, na vitundu vya milimita 1 hadi 3: wadudu walikuja na mbao zisizokauka. Choma dawa ya mbao kwa bomba la sindano tunduni, ziba kwa nta, paka vanishi pande zote, hata chini. Chenga ngumu kama mchanga, ukizitazama kwa kioo cha kukuza zina pande sita, ni mchwa wa mbao kavu. Hao hawahitaji udongo, na mfereji hauwahusu.

Nyumba mpya za huku zina tatizo moja la kuchekesha: vijidudu vyeupe, milimita 1, vinatembea kwenye plasta na vitabu. Vinakula ukungu wa plasta iliyowahi kupakwa rangi kabla haijakauka. Fungua madirisha. Vitaondoka vyenyewe.

KUPIMA NA KUPULIZA

Lebo iwe na namba ya usajili ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Chupa ya maji iliyojazwa dawa ya rangi ya maziwa mnadani haina kipimo, huwezi kujua unapuliza nini. Pima kwa bomba la sindano, si kwa kizibo: lebo ikisema mililita 50 kwa lita 10, bomba la kupulizia la lita moja linataka mililita 5. Kuongeza dozi hakuharakishi kifo cha mdudu, kunaongeza sumu kwenye godoro la mtoto. Changanya ya kutosha siku hiyo tu. Vaa glavu, barakoa na mikono mirefu. Toa maji ya kunywa, vyombo na kuku. Funga chumba kwa muda wa saa nne, kisha fungua madirisha kwa saa moja kabla ya kuingia.

Mtu akinywa au kumwagikiwa: mvue nguo, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, usimtapishe, usimpe maziwa, mkimbize hospitali mkiwa na chupa yenyewe ili daktari asome kiambato.